Mfupa Umeota: Mwongozo Kamili wa Kuielewa Picha Yako na Kutuliza Maumivu

Wagonjwa wengi wanaoingia kwenye chumba chetu cha mazoezi tiba hawaanzi na habari ya maumivu. Wanaanza na bahasha. Ile ya kaki, kubwa, kona zimekunjika kwa kulaliwa chini ya godoro, na ndani yake picha ya eksirei. Mama mmoja muuza vitumbua alinitolea ya kwake kabla hata hajakaa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi mfupa umeota. Nimeambiwa ni mwiba, ndio unaonichoma kila nikikanyaga. Niambie tu unakatwa wapi.”

Nikaiinua picha dirishani. Kweli, chini ya kisigino cha kulia kulikuwa na kipande cha mfupa kilichochongoka kama mdomo wa kunguru, kimeelekea vidoleni. Nikamuuliza mguu unaouma ni upi. Akaniambia wa kushoto. Picha ilikuwa imepigwa miguu yote miwili, na kisigino cha kushoto kilikuwa safi, hakina mwiba wowote.

Tangu siku ile nimeacha kuangalia bahasha kwanza. Namsikiliza mtu, namshika mguu, halafu ndiyo naomba picha. Wewe pia nakuomba uende kwa mpangilio huo: maumivu kwanza, picha baadaye.

Huo mfupa ni kitu gani hasa

Mfupa si jiwe. Ni kiungo hai, unabomoka na kujengeka kila siku, na unajibu kazi unayoupa. Pale unapovutwa au kusuguliwa kwa miaka mingi, mwili huongeza mfupa mpya pembeni, kama fundi anavyotia zege kuzunguka nguzo iliyoanza kuyumba.

Hutokea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwenye kiungo kinachojikunja, kama goti, nyonga, vidole au pingili za mgongo. Gegedu, lile tabaka linaloteleza na gumu kiasi linalofunika ncha za mifupa, likianza kulika, ukingo wa kiungo huota gegedu jipya ambalo polepole hugeuka mfupa. Kwenye ripoti ya daktari huitwa osteofaiti. Njia ya pili ni pale kano au utando unaponasa kwenye mfupa: chini ya kisigino, nyuma ya kisigino, kwenye kiwiko, mbele ya goti. Hapo hakuna gegedu lililolika. Ni mvutano wa muda mrefu tu.

Jambo hili ni la kale kuliko hospitali zote. Mifupa ya yule mzee wa Neanderthal, jamii ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, aliyefukuliwa La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, mwaka 1908, ina viungo vilivyolika na pingili za shingo zenye dalili hizo hizo. Lakini “mwiba wa kisigino” kama ugonjwa ulizaliwa na mashine. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei mwaka 1895, na mwaka 1900 daktari Mjerumani Plettner akaandika juu ya mwiba alioukuta chini ya kisigino. Watu wenye visigino vinavyouma walikuwapo siku zote, na sasa kikaonekana kitu cha kusingizia. Baadhi yenu mmelisikia jina hili kwenye siasa: mwaka 1968 Donald Trump alisamehewa kwenda jeshini, wakati wa vita vya Vietnam, kwa sababu ya mifupa iliyoota visiginoni.

Chama cha madaktari wa upasuaji wa mifupa cha Marekani kinaeleza hivi: mtu 1 kati ya 10 ana mwiba wa kisigino, lakini katika wenye mwiba, ni 1 tu kati ya 20 anayeumwa mguu. Soma tena. Watu 19 kati ya 20 wenye mwiba wanatembea, wanacheza ngoma, wanapanda daladala, na hawajui kama wanao. Kinachouma kwa wengi ni utando wa unyayo, ule mshipi mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni na kushikilia upinde wa mguu kama kamba inavyoshikilia upinde wa mshale. Umechoka, umechanikachanika kidogo kidogo pale uliponasa. Mwiba ukiwepo ni kovu la mvutano ule ule, na mara nyingi haumo hata ndani ya utando wenyewe, uko kwenye misuli midogo iliyo juu yake.

Hatua ya kwanza: tafuta maumivu yanatoka wapi

Anza na kisigino, maana ndicho kinacholeta watu wengi. Jiulize: hatua ya kwanza ukitoka kitandani ikoje? Mwenye shida ya utando wa unyayo atakuambia anakanyaga kama kwenye msumari, anajikokota akishika ukuta hadi chooni, halafu baada ya dakika chache panalegea. Jioni, baada ya kusimama siku nzima, panarudi. Sasa kaa, weka mguu juu ya paja la mguu mwingine, vuta kidole gumba cha mguu kuelekea juu kwa mkono mmoja, na kwa dole gumba la mkono wa pili bonyeza upande wa ndani wa kisigino, pale kinapoanza kukutana na upinde. Ukiruka, umepapata.

Kama hukuruka, tafuta kwingine. Maumivu yaliyo nyuma ya kisigino, pale kiatu kinaposugua, ni ya kano kubwa ya kisigino. Bana kisigino kutoka pande zote mbili kwa viganja. Kikiuma sana kwa kubanwa hivyo, hasa kwa mkimbiaji au mtu aliyeongeza kazi ghafla, huenda mfupa wenyewe umepata ufa. Nyayo zote mbili zikiwaka moto usiku, na ganzi juu yake, nenda kapime sukari. Usijitibu mwiba wakati neva zinaliwa na kisukari. Kijana wa chini ya miaka 40 mwenye visigino vyote viwili vinavyouma, na mgongo unaokakamaa zaidi ya nusu saa kila asubuhi, ana sababu ya kumwona daktari wa baridi yabisi. Na tafadhali, angalia kama hakuna mwiba wa kweli. Nimeshatoa wa mchongoma uliokaa mguuni miezi minne huku mwenyewe akinywa dawa za mifupa.

Goti lenye mifupa iliyoota hulia likikunjwa, hukakamaa ukikaa muda mrefu, na huuma ukishuka ngazi kuliko ukipanda. Wazee wetu husema ute umeisha. Kinachopungua ni gegedu, lakini naelewa wanachomaanisha. Kwenye vidole vya mikono hujitokeza vinundu vigumu kwenye kiungo cha mwisho karibu na kucha. Huuma kipindi cha kuota, kisha hutulia na kubaki vibaya tu kwa sura. Bega ni somo refu la peke yake, nalipita.

Mgongo unahitaji subira kidogo. Pingili za shingo na za kiuno ndizo huota mifupa zaidi, kwa sababu ndizo zinazopinda na kubeba. Mifupa hiyo peke yake kwa kawaida ni kimya. Shida huja inapopunguza nafasi ya neva. Hapo maumivu hayakai mgongoni, yanasafiri: kutoka shingoni hadi kidole fulani cha mkono, au kutoka kiunoni hadi chini ya goti, yakiwa na ganzi au msisimko kama wa kupigwa shoti. Kuna pia aina ya maumivu inayowapata wazee. Mzee mmoja alinieleza kwamba anaweza kusukuma baiskeli yenye gunia la mkaa umbali mrefu, ila hawezi kutembea mikono mitupu hadi msikitini bila kukaa mara mbili njiani. Wajukuu walidhani anatega. Hakuwa akitega. Akiinamia usukani, mfereji wa mgongo unapanuka kidogo na neva zinapumua. Akisimama wima unabana, miguu inakuwa mizito kama imejazwa mchanga. Simulizi hiyo inanipa karibu jibu lote kabla ya kipimo chochote.

Hatua ya pili: hakikisha si jambo la haraka

Kabla ya mazoezi yoyote, pitia dalili hizi. Ukiwa na mojawapo, acha kusoma, nenda hospitali:

- Ganzi sehemu za siri na makalioni pale panapogusa tandiko, au kushindwa kukojoa, au mkojo na haja kutoka bila kujua, pamoja na maumivu ya kiuno. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo, hata kama ni saa nane usiku.
- Mguu au mkono unaozidi kulegea, kandambili inavuka mguuni bila wewe kuhisi.
- Mikono imekuwa mizito: kufunga vifungo vya shati kunakushinda, vikombe vinakuponyoka, unayumba ukitembea. Uti wa mgongo wenyewe, lile shina la neva lililo ndani ya pingili, unaweza kuwa umebanwa shingoni, na hilo halisubiri dawa ya kuchua.
- Maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, jasho la usiku au kupungua uzito. Kwetu hapa lazima tuifikirie kifua kikuu ya pingili, na kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo.
- Goti au kisigino kilichovimba, chekundu, cha moto, na homa juu.
- Maumivu ya mfupa kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani.

Hatua ya tatu: picha ipigwe au isipigwe?

Kwa kisigino chenye hadithi ya asubuhi kama niliyoieleza, huhitaji picha kuanza tiba. Fedha hiyo nunua viatu. Picha ina maana baada ya kuanguka, kama kubana kisigino pembeni kunauma, au kama miezi mitatu ya mazoezi ya kweli imepita bila nafuu. Kwa mgongo, kipimo cha MRI kinahitajika pale daktari anapoona neva imebanwa na anafikiria sindano au upasuaji. Kukipiga ili “kujua tu” humrudisha mtu nyumbani na karatasi ya kutisha.

Na karatasi hizo zinatisha kweli. Kwa goti utakuta gredi kuanzia 0 hadi 4. Ni kipimo walichokitunga madaktari Kellgren na Lawrence mwaka 1957, na gredi ya 2 maana yake osteofaiti zimeonekana waziwazi. Haisemi unaumwa kiasi gani. Nina wagonjwa wawili wa gredi ya 3: mmoja analima, mwingine hawezi kuinuka kwenye jamvi bila kushikwa mkono. Ukiambiwa “pingili zimesagika” na una zaidi ya miaka 50, elewa kwamba majirani zako wengi wangepigwa picha leo wangeambiwa hivyo hivyo.

Hatua ya nne: wiki 12 za kisigino

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Zaidi ya 9 kati ya 10 wenye shida hii hupata nafuu ndani ya miezi 10 kwa njia rahisi zisizo na kisu. Tatizo ni kwamba miezi 10 ni mirefu kwa mtu aliyezoea sindano ya jioni moja.

*Kabla ya kukanyaga chini.* Ukiamka, usishuke kitandani. Weka mguu unaouma juu ya goti la mwingine, vuta vidole vyote kuelekea ugoko mpaka uhisi unyayo umekaza kama waya wa kuanikia nguo. Hesabu hadi 10, achia, rudia mara 10. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, lakini ile ya alfajiri ndiyo ya thamani. Mkono ukikushinda kufika, pitisha kanga chini ya vidole na uvute kwa ncha zake mbili.

*Ukutani.* Shavu la mguu lililokaza huvuta kisigino juu na kuuongezea unyayo mzigo. Simama ukitazama ukuta, mguu unaouma nyuma, kisigino kimeganda sakafuni, goti limenyooka, egemea mbele sekunde 30. Mara tatu. Kisha rudia goti likiwa limepinda kidogo.

*Ngazini.* Hili ndilo zoezi lenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Michael Rathleff walilinganisha watu 48: wengine walinyoosha tu, wengine waliinua kisigino kwa uzito. Baada ya miezi mitatu waliobeba uzito walikuwa mbele waziwazi. Baada ya mwaka makundi yalikuwa yamekaribiana, lakini miezi ya kupumua mapema si kidogo kwa mtu anayekula kwa miguu yake.

Kunja taulo iwe kama chapati iliyoviringishwa, iweke kwenye ukingo wa ngazi. Panda, vidole viwe juu ya taulo ili vipinde kuelekea juu, kisigino kining’inie hewani. Shika ukuta. Inua kisigino polepole kwa sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Ni siku moja ndiyo, moja hapana, kwa sababu utando hujijenga siku ya mapumziko. Wiki mbili za kwanza ni seti 3 za mara 12. Mguu mmoja ukikushinda, tumia yote miwili mpaka upate nguvu. Kisha vaa begi mgongoni lenye vitabu au chupa za maji, uende seti 4 za mara 10. Baada ya wiki nne ongeza mzigo, seti 5 za mara 8. Mara za mwisho ziwe za kung’ata meno. Kama unaweza kupiga soga huku ukifanya, mzigo ni mdogo.

Utaumia, na unaruhusiwa kuumia kiasi. Jipe alama kutoka 0 hadi 10. Maumivu ya 4 wakati wa zoezi, yanayotulia kufikia asubuhi inayofuata, ni sawa. Yakivuka hapo au yakikuamkia makali zaidi, punguza mzigo, usiache.

*Jioni.* Gandisha maji kwenye chupa ya nusu lita, iweke chini, uibiringishe kwa unyayo dakika 10, soksi ikiwa mguuni. Inatuliza, haiponyi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asifanye, barafu itamuunguza bila yeye kujua.

Mama wa vitumbua alirudi wiki ya tatu akiwa amenuna. Hakuna kilichobadilika, akasema, na taulo lake zuri la wageni limechafuka. Tukabadilisha taulo likawa kipande cha gunia. Wiki ya tisa alikuja akicheka, maana siku hiyo alijikuta ameshafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba hakushika ukuta.

Hatua ya tano: viatu, sakafu na uzito

Zoezi la dakika 15 haliwezi kushindana na saa kumi za kusimama kwenye saruji kwa kandambili iliyolika ikawa nyembamba kama karatasi. Ndivyo alivyokuwa yule mama, jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Hatukumwambia aache kazi. Tulimtafutia raba za mtumba, kigoda cha kukalia akisubiri mafuta yapate moto, na kadibodi mbili zilizokunjwa za kusimamia.

Kuchagua kiatu sokoni: bana sehemu ya nyuma inayoshika kisigino, isibonyee kirahisi. Kisha kunja kiatu. Kinapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia, siyo katikati. Ukiweza kukikunja kama gazeti, kirudishe. Kisigino kiinuke kidogo, sentimita 2 au 3. Usitembee peku sakafuni miezi hii, hata kutoka kitandani kwenda bafuni. Soli laini za kisigino za dukani zinasaidia wengi, na sioni sababu ya kuanza na zile za kutengenezewa kwa bei kubwa.

Uzito ni habari watu hawapendi kuisikia, hasa pale ambapo kunenepa husifiwa. Nawapa hesabu moja tu, iliyopatikana kwa kupima wazee wenye magoti mabovu Marekani, ikachapishwa mwaka 2005: kila kilo 1 unayopunguza inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Punguza kilo 5, halafu zidisha kwa hatua unazotembea kutoka nyumbani hadi kituoni.

Kwa goti, zoezi la kuanzia ni kuinuka kwenye kiti bila kutumia mikono, mara 10, seti 3, kila siku ya pili. Kiti kikiwa kifupi mno, ongeza mto. Ukitumia bakora, ishike mkono wa upande usiouma. Nusu ya wazee ninaowaona wanaishika upande wa goti bovu, na hapo haiwasaidii kama inavyoweza. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti chenye tundu, fundi seremala yeyote atakitengeneza. Na anayeshindwa kusujudu aswali kitini, dini imemruhusu.

Kwa mgongo wa aina ya yule mzee wa baiskeli: kulala chali na kukumbatia magoti kifuani, kuendesha baiskeli, kutembea umbali mfupi mara nyingi badala ya mrefu mara moja. Kwa shingo: simu iinuliwe usawa wa macho, mto mmoja siyo mitatu, na ndoo ya kichwani igawanywe kuwa madumu mawili ya mikononi. Usimruhusu mtu akuzungushe shingo ghafla mpaka ilie.

Hatua ya sita: dawa, sindano na wauza matumaini

Hakuna kitu cha kunywa, kupaka au kujifukiza kinachoyeyusha mfupa ulioota. Siki haiyeyushi. Ingekuwa inayeyusha mwiba kisiginoni, ingeanza na meno yako. Pia mfupa haukuota kwa sababu ya maziwa, dagaa au kalsiamu, kwa hiyo usiache kula hivyo. Wanaoumia zaidi kwa ushauri huo ni kina mama waliokoma hedhi, ambao mifupa yao inaihitaji.

Dawa za maumivu zina nafasi yake, ya kukupa unafuu ili ufanye mazoezi. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki na ibuprofeni zina nguvu zaidi na madhara zaidi: vidonda vya tumbo, figo, shinikizo la damu. Mwenye matatizo hayo, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asizinywe bila daktari. Na hata mzima asizinywe wiki baada ya wiki kwa sababu tu duka liko jirani. Jeli ya kupaka ya diklofenaki inafanya kazi vizuri kwenye goti na vidole, na kidogo sana ndiyo inayoingia mwilini.

Ogopa “dawa ya asili” inayoondoa maumivu ya miaka mitano kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo dhidi ya vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho kwa jina la Artri King. Ndani yake ilikuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Deksamethasoni ni steroidi. Inakufanya ujisikie kijana, huku inapandisha sukari, inajaza uso, na tezi zako zinasahau kazi yake. Ukishatumia kitu cha namna hiyo kwa wiki kadhaa, usikiache ghafla. Kipeleke kama kilivyo kwa daktari.

Sindano ya steroidi kisiginoni hutuliza kwa wiki kadhaa. Ikirudiwa inaweza kukata utando wa unyayo au kukondesha ule mto wa mafuta chini ya kisigino, na mto huo haurudi. Mwenye kisukari ategemee sukari kupanda siku chache baada yake. Mimi huipendekeza pale tu maumivu yanapomzuia mtu kufanya mazoezi.

Kwa wanaoishi kwenye maji ya bonde la ufa

Hili linawahusu wasomaji wa Arusha, hasa pembezoni mwa Mlima Meru, pamoja na Nakuru na Naivasha. Maji ya huko yana madini mengi ya floraidi kutokana na miamba ya volkano. Wengi mnajua yanavyogeuza meno kuwa ya kahawia. Kinachojulikana kidogo ni kwamba yakinywewa miaka mingi huingia mifupani: mifupa inakuwa mizito kwenye picha, kano zinageuka mfupa, miiba inaota viungo vingi kwa pamoja, mgongo unakakamaa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi iliyobaki inakolea zaidi. Kinachosaidia ni maji ya mvua, au kichujio cha mifupa ya ng’ombe iliyochomwa, teknolojia ambayo kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, Arusha, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Kama umekulia huko na unaumwa viungo vingi pamoja, mwambie daktari ulikulia wapi. Mara nyingi hataliuliza.

Hatua ya mwisho: kisu

Kwa kisigino, upasuaji huzungumziwa baada ya miezi 6 hadi 12 ya tiba ya kweli iliyoshindwa, na kabla yake kuna mashine ya mawimbi ya mshtuko pale inapopatikana. Hata hapo, daktari mara nyingi hulegeza sehemu ya utando au msuli wa shavu la mguu. Mwiba wenyewe unaweza kuachwa ulipo. Kwa goti lililokwisha, kinachobadilisha maisha ni kuwekewa goti bandia. Kwenda kukwangua mifupa iliyoota pekee hakusaidii. Kwa mgongo, upasuaji ni wa kupanua nafasi ya neva, na matokeo ni mazuri zaidi kwa maumivu ya mguu kuliko ya kiuno. Tanzania huduma hizi hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa, ikiwamo Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili.

Siku ya kuonana na daktari wa upasuaji nenda na daftari: mazoezi uliyofanya na kwa wiki ngapi, dawa ulizotumia, na alama za maumivu ya asubuhi. Muulize mambo matatu. Unakata nini hasa? Nisipokatwa itakuwaje baada ya mwaka? Nitarudi kusimama kazini baada ya wiki ngapi? Bahasha ya kaki ichukue pia, ila itoe baada ya daktari kukushika mguu.